Tangazo Lililokunjwa Halijatangazwa

Waraka wa wazi

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Haki ya Utawala, CAJ,
Ofisi ya Ombudsman,
Nairobi.

Nakala: Ofisi ya Tume, Mombasa

KUH: MAANDISHI YANAYOFICHWA NYUMA YA KITUFE KATIKA KURASA ZA OFISI ZA UMMA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Ramisi, Kaunti ya Kwale, kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Nina kibanda cha kompyuta hapa. Kazi yangu ni kuchapisha, kupiga kopi na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni, kwa hivyo kurasa za ofisi za umma nazisoma kuliko ninavyosoma magazeti. Mwingine angepeleka malalamiko haya kwa mafundi wa tovuti. Mimi nawaletea ninyi, kwa sababu Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imewapa ninyi kazi ya kuisimamia, na kwa sababu suala hili, ingawa kwa sura ni la kifundi, kwa undani ni la haki.

Jambo lenyewe ni hili. Ukifungua ukurasa wa ofisi ya umma siku hizi, mara nyingi hukuti habari. Unakuta vichwa vya habari vimepangwa kimoja chini ya kingine, kila kimoja na mshale mdogo au alama ya kujumlisha pembeni. Ukibonyeza kichwa, maandishi yanateremka. Ukibonyeza tena, yanapotea. Asiyebonyeza haoni kitu, na ukurasa haumwambii kwamba kuna kitu hakukiona. Ni mtindo unaopendeza macho, na mahali pengine una faida ambayo nitaieleza bila choyo. Lakini umeingia hadi kwenye mambo yasiyovumilia kufichwa: tarehe ya mwisho, ada, masharti ya anayestahiki, viambatisho vya fomu, njia ya kukata rufaa. Ombi langu naliweka mapema ili asiye na wakati wa kusoma waraka mzima aondoke nalo: Tume itamke kwamba habari ambayo ofisi ina wajibu wa kuitangaza, ikiwa inaonekana na aliyebonyeza tu, bado haijatangazwa.

Wanaotengeneza kurasa hizi wanamfikiria msomaji wa aina moja: mtu amekaa peke yake, simu mkononi, bando linatosha, macho mazima, na subira ya kugusa kila mshale. Msomaji huyo yupo, hata Ramisi yupo. Lakini si yeye anayeifikisha habari kwa watu. Hapa kwetu tangazo la tovuti husafiri kwanza kwa picha. Mtu aliye Ukunda au Msambweni anafungua ukurasa, anapiga picha ya skrini, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, la msikiti au la chama. Kuanzia hapo ukurasa si ukurasa tena, na picha haina kitufe. Mshale unaonekana umechorwa pale, na mtu wa Bodo anaweza kuugusa mpaka kioo cha simu kichubuke, hakuna kitakachoteremka.

Halafu kuna karatasi. Mwalimu, mzee wa kijiji au karani wa chama huja kibandani akasema, nichapishie hii nikaibandike. Kivinjari huchapisha kile kinachoonekana. Sehemu iliyofungwa haitoki kwenye karatasi, wala haliachwi pengo la kuonyesha kwamba kuna kitu kimebaki ndani ya mashine. Kichwa kinatoka, "Viambatisho vinavyohitajika", na chini yake kinafuata kichwa kingine. Anayesoma ukutani anadhani ofisi ilisahau kuandika.

Na kuna sauti. Mjukuu anamsomea bibi yake. Mwenye simu ya kabambe isiyofungua tovuti anampigia nduguye aliye Mombasa amsomee kwenye simu. Kwenye baraza mmoja anasoma, hamsini wanasikiliza. Katika hali zote hizi mwenye kidole siye mwenye shida. Anayesoma hajui ni mshale upi unamhusu anayesikiliza, na anayesikiliza hajui kwamba kuna mishale.

Nitoe mfano mmoja. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa shabaha ya waraka huu si ofisi moja. Msimu fulani wa basari ulitoka ukurasa mzuri: picha ya wanafunzi wanaocheka, aya moja ya kuwakaribisha waombaji, kiungo cha fomu, na chini yake vichwa vilivyokunjwa. Ndani ya kimojawapo mlikuwa na orodha ya viambatisho: barua ya chifu, muundo wa karo kutoka shuleni, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na cheti cha kifo kwa yatima. Ndani ya kingine mlikuwa na tarehe ya mwisho. Picha ya skrini ilizunguka kwenye makundi, ikafika Shirazi, ikafika kisiwani Funzi. Waliokuja kwangu walikuwa wameshajaza fomu kwa kalamu, herufi safi kabisa, na wengi hawakuwa na barua ya chifu. Si kwa uzembe. Hakuna aliyewaambia kwamba inatakiwa. Mama mmoja alipofika ofisini aliambiwa maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu: kila kitu kilikuwa kwenye tovuti.

Waheshimiwa, kilikuwepo na hakikuwepo. Tuseme karani amebandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya chifu, kisha akaikunja nusu ya chini ya karatasi kwa ndani na kuibana kwa pini. Mwananchi akikosa tarehe, karani akisema "ungeikunjua", hakuna hakimu ambaye asingemkazia macho. Karatasi ni ile ile, maneno ni yale yale, wino ni ule ule, ila hatuiti kitendo hicho kutangaza. Kwenye kioo tumekubali kukiita hivyo kwa sababu tu mkunjo wa kioo unateleza vizuri.

Haya hayatokani na njama. Sijaona dalili kwamba kuna ofisi inayokaa kitako na kuamua kuwaficha watu wa Ramisi tarehe. Ukurasa wa kwanza kabisa wa mtandao, alioutengeneza Tim Berners-Lee pale CERN na kuufungulia ulimwengu mwaka 1991, ulikuwa maandishi matupu: kilichofika ndicho kilichoonekana. Mwaka 1995 Brendan Eich wa Netscape aliunda JavaScript, na mwandishi wa ukurasa akapata uwezo wa kubadilisha kinachoonekana baada ya ukurasa kumfikia msomaji. Mwaka 2006 John Resig akatoa jQuery, na kuonyesha au kuficha aya kukawa kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Mwaka 2011 ikaja Bootstrap, ghala la vipande vilivyokwisha kutengenezwa, na miongoni mwake ni hiyo safu ya vichwa vinavyofunguka na kufunga. Leo fundi aliyepewa tenda ya tovuti hununua kiolezo, na kiolezo huja kikiwa kimeshakunjwa. Karani anamimina tangazo lake ndani ya visanduku vilivyopo. Hakuna aliyeamua kwamba tarehe ya mwisho ifichwe. Kisanduku cha tano ndicho kilichokuwa na nafasi. Ndiyo maana nasema kumlaumu karani hakutasaidia. Panahitajika kanuni inayomlazimu mtu kuamua.

Kuna jambo la kifundi ambalo wengi hawalijui, nami nadhani Tume ingelipenda. Kwa kawaida maandishi haya yaliyofichwa yameshafika kwenye simu. Ukurasa ulipofunguka yalipakuliwa yote, ila yameandamana na agizo la maneno mawili ya Kiingereza, display: none, linalokiambia kivinjari kisiyaonyeshe. Maana yake mwananchi wa Ramisi aliyenunua bando la shilingi ishirini ameyalipia maneno ambayo hakuyaona. Anayetetea mikunjo kwa hoja ya kumwokolea mwananchi bando hana hoja. Kuna kurasa za aina nyingine, zinazongoja mtu abonyeze ndipo ziende kuyaleta maandishi kutoka kwenye seva, na hizo ni mbaya zaidi kwa sehemu kama zetu: mtandao ukikatika katikati, unabonyeza na kinachotokea ni kiduara kinachozunguka. Na ukurasa unaotegemea msimbo ili kufunguka, ikiwa faili la msimbo halikufika lote, unabaki umefungwa. Vichwa vinakutazama, unafinya, vimekaa kimya.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini watu wa Ramisi wasumbuke hivi kwa mistari michache ya tangazo. Jibu ni kwamba hapa maisha ya watu yameamuliwa na karatasi kwa muda mrefu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanza katika miaka ya 1920, kilifungwa mwaka 1988, na tangu hapo nani anaruhusiwa kulima wapi ni swali linalojibiwa kwa notisi, mikataba ya kukodi ardhi na amri za mahakama. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, waliishi vizazi na vizazi bila kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi ndipo serikali ikaagiza wasajiliwe kuwa raia. Muulize Mmakonde wa Makongeni maana ya sharti dogo lililoandikwa mahali asipopaona. Kule Nguluku na Maumba uchimbaji wa madini ya titani ulianza kusafirisha shehena mwaka 2014 na ukafungwa Desemba 2024; kila hatua ya kuingia ilikuwa na notisi yake, na kila hatua ya kutoka ina yake.

Na notisi hizi zina saa ndani yake. Msajili wa ardhi anapokusudia kutoa hatimiliki mpya badala ya iliyopotea, siku 60 za kupinga zinahesabiwa tangu notisi ilipotoka. Ripoti ya athari za mazingira inapotangazwa, wananchi wana siku 30 za kutoa maoni. Siku hizo hazingoji mtu abonyeze. Gazeti Rasmi la Serikali, pamoja na Kiingereza chake kizito na herufi zake ndogo, lina sifa moja ambayo tovuti nyingi hazina: halikunji kitu. Ukilishika umelishika lote. Linapofikishwa kwenye ukurasa wa kisasa na kufupishwa kwa ajili yetu sisi tusiolisoma, mara nyingi kinachobaki juu ni maneno ya hekima ya mkubwa wa ofisi, na zile siku 30 zinaingia chini ya mshale.

Sasa niseme upande wa pili, maana sikuja kuomba mikunjo ipigwe marufuku. Simu nyingi zinazopita mikononi mwangu ni ndogo, na nyingine zimepasuka kioo. Ukurasa mrefu wa maandishi yaliyomwagwa bila mpango ni adhabu kwa mwenye simu hiyo. Anateremsha kidole mpaka anasahau alichokuja kutafuta. Ikiwa ofisi inaeleza huduma kwa wadi zote za Kaunti ya Kwale, mkaazi wa Ramisi hana haja ya kupitia Mwereni, Vanga na Gombato Bongwe ili afike kwake. Hapo safu ya majina ya wadi, kila moja ikifunguka kwa kubonyezwa, ni huduma njema. Vivyo hivyo maswali yanayoulizwa mara kwa mara, historia ya ofisi, tafsiri ya maneno ya kisheria, vifungu vya sheria kwa anayetaka kuvisoma kwa ukamilifu. Mtu hufungua anachohitaji, na asichokifungua hakimdhuru.

Kuna hata kuficha kunakomlinda mwananchi. Kurasa za kuwasaidia wanaopigwa majumbani katika nchi nyingine huwa na kitufe cha kuondoka haraka: mume akiingia chumbani, mke anakibonyeza na ukurasa unageuka kuwa wa habari za hali ya hewa. Natamani kurasa zetu za namna hiyo ziwe nacho. Kwa hiyo swali si kama maandishi yafichwe au la. Swali ni nani anaumia yakibaki yamefichwa. Akiwa ni mwananchi, yasifichwe.

Uingereza walishalipitia hili. Serikali yao ilikusanya kurasa za wizara zake chini ya GOV.UK kuanzia mwaka 2012, na wakaandika mwongozo wa kila kipande cha ukurasa. Kuhusu vipande vinavyofunguka na kufunga, mwongozo wao uko wazi: usivitumie kuficha habari ambayo wengi wa wasomaji wako wataihitaji. Na safu zao za vichwa zina kitufe juu cha kuonyesha sehemu zote kwa mara moja. Si jambo la gharama wala la ajabu. Ni mtu tu aliyekaa akaandika kanuni, na mwenye mamlaka akaisimamia.

Ufundi wa kuikunja habari vizuri nao haujafichwa popote. Lugha ya HTML yenyewe ina lebo mbili za kazi hii, details na summary, ambazo hazihitaji JavaScript hata kidogo. Chrome ilizikubali mwaka 2011, Firefox mwaka 2016, na Edge mpya ya Microsoft mwaka 2020, kwa hivyo hakuna sababu ya kuzikwepa leo. Uzuri wake kwa watu wetu ni kwamba kivinjari cha zamani kisichozielewa hakifungi kitu. Kinaonyesha maandishi yote waziwazi. Kikishindwa, kinashindwa kwa upande wa mwananchi. Tena ukiandika neno moja, open, ndani ya lebo, sehemu inafika ikiwa wazi, na anayeiona ndefu ataifunga mwenyewe. Chrome hata huifungua sehemu hiyo yenyewe mtu akitafuta neno lililomo ndani, jambo ambalo maandishi yaliyozimwa kwa lile agizo la maneno mawili hayawezi: unatafuta neno "Ramisi" kwenye ukurasa, simu inakujibu halipo, na lipo.

Fundi mwangalifu ataongeza mistari michache ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, inayosema kwamba ukurasa ukichapishwa, kila kilichofungwa kifunguke. Mistari michache tu, na mzee wa kijiji ataondoka kibandani kwangu na tangazo zima. Na kichwa cha sehemu kiseme kilichomo. "Soma zaidi" haisemi kitu. "Maelezo" haisemi kitu. "Tarehe ya mwisho na mahali pa kupeleka fomu" inasema, hata ikibaki imefungwa, kwamba tarehe ipo na itafutwe. Afadhali zaidi tarehe yenyewe iandikwe kwenye kichwa, basi hata picha ya skrini itaibeba.

Asiyeona ana shida yake ya peke yake hapa. Vijana waliopitia Shule ya Wasioona ya Likoni wanatumia simu kwa sauti: programu kama TalkBack inawasomea kilicho kwenye kioo, nao wanateleza kidole kutoka kitu kimoja hadi kingine. Mkunjo uliotengenezwa kwa uzembe, yaani kipande cha maandishi kilichogeuzwa kitufe kwa msimbo bila kusema kwamba ni kitufe, kwao ni maneno ya kawaida. Programu inasoma "Viambatisho vinavyohitajika" na kuendelea mbele. Haisemi kwamba panabonyezwa, haisemi kama pamefungwa au pamefunguka. Mwenye macho angalau anauona mshale. Dawa yake ipo tangu zamani: kanuni za ARIA, zilizokamilishwa mwaka 2014, zina alama ya kuiambia programu kwamba kitu hiki kimefunguka au kimefungwa, na zile lebo mbili nilizozitaja huja nayo bila kuongezewa chochote. Hapa nchini Shirika la Viwango la Kenya lilitoa mwaka 2022 kiwango KS 2952 kuhusu bidhaa na huduma za TEHAMA zinazofikika na watu wenye ulemavu. Kiwango tunacho. Kinachokosekana ni ofisi kuulizwa kama inakifuata kabla ya kulipa hundi ya mwisho ya fundi wa tovuti.

Narudi kwenu na kwa sheria. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 5 cha Sheria ya 2016 hakikuishia kuziambia ofisi zichapishe. Kinazitaka zizingatie watu wenye ulemavu, gharama, lugha ya wenyeji na njia ya mawasiliano inayofaa zaidi katika eneo husika, na kinataka habari iwe rahisi kufikika. Nasisitiza yale maneno ya eneo husika. Eneo langu ni Ramisi. Njia ya mawasiliano inayofanya kazi hapa ni picha ya WhatsApp, karatasi ukutani na mtu anayesoma kwa sauti. Ukurasa ambao unapoteza nusu ya maneno yake katika kila mojawapo ya njia hizo haujazingatia eneo langu, na kwa macho yangu haujatimiza kifungu cha 5. Wanasheria wenu wanaweza kunisahihisha. Ningefurahi wakifanya hivyo kwa maandishi.

Ninachoomba kifanyike si kikubwa. Tume itoe mwongozo mfupi kwa ofisi zote za umma, za kitaifa na za kaunti, unaotaja kwa majina mambo ambayo hayaruhusiwi kukaa nyuma ya kitufe: tarehe, ada, anayestahiki, viambatisho, mahali pa kupeleka, na namna ya kupinga uamuzi. Mwananchi akiwaletea malalamiko kwamba hakujulishwa, na ofisi ikajibu kwamba habari ilikuwa kwenye tovuti, mpelelezi wenu aulize swali moja la nyongeza: ilikuwa inaonekana, au ilikuwa imekunjwa? Na kabla tangazo lolote halijapanda mtandaoni, karani alichapishe kama lilivyo kwenye kioo, bila kugusa kitufe hata kimoja, ampe mtu wa mapokezi alisome. Kile ambacho mtu huyo hatakiona kwenye karatasi, na watu wa Ramisi hawatakiona. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu wala bajeti, kinahitaji karatasi moja. Najua yatakuja majibu kwamba kurasa zitakuwa ndefu na hazitapendeza. Ziwe ndefu. Hakuna mzazi aliyewahi kuja kwangu kulalamika kwamba tangazo la basari lilikuwa refu.

Kauli mbiu yenu ni kwamba hata mnyonge ana haki. Mnyonge huyo mara nyingi hana simu ya kugusa, na akiwa nayo haina bando, na ikiwa na bando anayeisoma ni mtoto wa jirani. Mwekeeni kanuni inayomjua.

Mwisho, naomba waraka huu upokelewe pia kama ombi rasmi la habari chini ya kifungu cha 8 cha Sheria, kinachoniruhusu kuandika kwa Kiswahili. Maswali yangu ni haya: je, Tume ina mwongozo wowote, uliokwisha kutolewa au ulio katika rasimu, unaohusu namna ofisi za umma zinavyopanga maandishi ya matangazo yao kwenye tovuti? Je, imewahi kuamua lalamiko ambalo ofisi ilijitetea kwa kusema kwamba habari ilikuwa kwenye ukurasa, na iliamua vipi? Kifungu cha 9 kinatoa siku 21 za kunijibu. Jibu likija kwa Kiswahili na likiwa limekunjuliwa, nitalichapisha na kulibandika nje ya kibanda changu, wasome wote.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwenye kibanda cha kompyuta,
Ramisi, Kaunti ya Kwale.